Ibada ya Mchangani

Mama yangu alitengwa na kanisa lake kwa kumsifu Mungu mahali ambapo wazee wa kanisa hawakupapenda. Tangazo lililosomwa mimbarani lilikuwa na maneno marefu kuliko hayo. Lilisema amevunja utaratibu, amedharau uongozi na kumpotosha kijana, lakini ukiyachuja yote kinachobaki ni hicho. Kijana aliyepotoshwa nilikuwa mimi. Siku hizi mimi ni mama mtu mzima na ninaalikwa huku na huko kuwafundisha wanakwaya maana ya kuabudu na kusifu. Kila ninaposimama mbele yao, kinachonijia kwanza si mistari niliyoiandaa. Hunijia mchanga wa Katonga na harufu ya dagaa.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, juu kidogo ya mwalo wa Katonga, pale mitumbwi na boti zinaposhusha samaki. Baba alikuwa karani bandarini na mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa taratibu kweli kweli. Hata nyumbani kila mmoja wetu alikuwa na kiti chake, na ole wako ukikuta mgeni amekikalia ukalalamika. Mama alikuwa mwanika dagaa. Shangazi yake alikuwa amemwachia kipande cha mchanga pale mwaloni, naye alikifagia kama watu wanavyofagia sebule, akaokota kila kijiti na kila mfupa kabla ya kumwaga dagaa wabichi. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa hiyo mchanga hukaa mtupu siku kadhaa, na mama alikuwa akienda kuufagia hivyo hivyo.

Mwaka ule vita vya nchi jirani vilipamba moto, watu wakaanza kufika kwa mitumbwi. Hatukushangaa sana, maana Kigoma imezoea kupokea watu, lakini safari ile walikuwa wengi kuliko tulivyowahi kuona. Wengine walipelekwa uwanja wa mpira, wengine wakalala kando ya reli, na kanisa letu likafungua uwanja wake kwa wale waliosubiri malori ya kuwapeleka kambini. Wakafunga maturubai kati ya miti ya uani. Akina mama wa kanisa wakapika uji na maharage kwa zamu. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, nikawa nabeba masufuria.

Mama hakuhitaji mkalimani. Yeye aliongea Kiha chake, wao Kirundi chao, wakaelewana, na pale neno moja lilipotofautiana walilichekea kidogo. Ndipo alipozoeana na mama mmoja wa makamo aliyefika na mama mkwe wake na mtoto wa mgongoni. Yule mama alikuwa akifanya biashara Rumonge, mji wa kwao ulio kando ya ziwa, kwa hiyo Kiswahili alikijua vizuri. Kwao alikuwa kiongozi wa uimbaji kanisani. Mume wake na wanawe wakubwa hawakufika ziwani. Alilisema hilo mara moja tu, akiwa anaosha vyombo, wala hakusema walipoteaje, na mama hakumuuliza.

Jumapili ya kwanza walihudhuria ibada pamoja nasi, wakakaa nyuma. Kwaya yetu iliimba kwa sauti nne, mikono imenyooka ubavuni, macho kwa mwalimu. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza na nilijivunia sana. Ibada ilipokwisha tukatoka nje kusalimiana. Hapo ndipo walipoanza ya kwao chini ya maturubai.

Hawakuwa na ngoma. Walikuwa na dumu la njano, lile la mafuta ya kula. Kijana mmoja wao alilikumbatia mapajani akalipiga kwa viganja, na likatoa sauti nzito kuliko nilivyotegemea. Yule mama akaanzisha, wenzake wakaitikia, na wanawake wakainua mikono juu, wakaipinda kama pembe za ng'ombe, wakacheza. Kilichonishtua ni nyuso zao. Walikuwa wanalia. Hawakulia kwanza halafu wakacheza, wala hawakucheza halafu wakalia. Vilikwenda pamoja, machozi yakitiririka na miguu ikikanyaga kwa mpigo mmoja. Mama mkwe wake, kikongwe asiyeweza hata kusimama vizuri, alikaa chini akipiga makofi huku akiomboleza kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Wanakwaya wenzangu walitazamana. Mmoja alisema huo si uimbaji. Mwingine akasema watu wenye msiba hawachezi, na wanaocheza hawana msiba. Nilimtazama mama nikitegemea naye atasema jambo. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, amewakazia macho, na uji ukaungua.

Wakaendelea hivyo kila siku asubuhi, na Jumapili mara mbili. Kanisa lilikuwa linajiandaa kumpokea askofu. Kuta zilipigwa chokaa, kinanda kikatengenezwa, na kwaya tukashonewa sare za zambarau zenye kola nyeupe. Wazee wakakaa kikao. Baba alirudi nyumbani na uamuzi, akautaja wakati wa chakula kama anavyotaja habari za bandarini. Wageni wataendelea kupewa chakula na mahali pa kulala, lakini dumu na michezo vikome. Wakitaka kuabudu waingie ndani, wakae viti vya nyuma, wafuate kitabu cha nyimbo kwa Kiswahili kama waumini wengine. Baba ndiye aliyepewa kazi ya kuwaambia, na kwa kuwa hakutaka maneno yapotoshwe, alimwomba mama aende naye. Nami nilikuwepo, na sufuria yangu.

Baba alizungumza kwa upole. Sitaki nimwonee, alikuwa muungwana. Aliwapa pole kwa yaliyowapata, akawaeleza kwamba kanisa ni nyumba yenye taratibu, na kwamba majirani na wageni watakaokuja wanaweza kufikiri vibaya wakiona watu wanaruka na kulia uani. Mama alifasiri kwa Kiha, akatumia maneno machache kuliko ya baba. Yule mama kiongozi alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga khanga vizuri, halafu akajibu kwa Kiswahili ili baba asihitaji kufasiriwa.

"Mzee, chakula chenu tumekula na tumewashukuru. Mahali pa kulala mmetupa, tumewashukuru. Hili lingine si lenu kutupa, wala si lenu kutunyima."

Baba akamwambia kwamba hakuna anayewanyima kuabudu, ila waabudu kwa adabu.

"Waliotufukuza walitaka tunyamaze," akasema yule mama. "Nikinyamaza hapa kwenu, watakuwa wamemaliza kazi yao."

Baba akarudia kwamba huo ndio uamuzi wa wazee, kisha akaondoka. Mama hakuondoka naye. Alibaki akiwasaidia kukaza maturubai maana mvua ilikuwa imekaribia, na aliporudi nyumbani niliona kwamba jambo limemkaa moyoni.

Yeye na baba waliongea sebuleni mlango ukiwa wazi, nami nikiwa jikoni. Baba alisema mara nyingi kwamba amefungwa na kikao. Mama hakubisha habari za kikao. Alimkumbusha habari za mtoto wao wa kwanza, kaka yangu ambaye sikumkuta. Nilijua tu kwamba alikuwepo na kwamba alifariki akiwa mdogo, maana nyumbani hakutajwa. Siku hiyo ndipo niliposikia kwamba wakati wa mazishi, mzee mmoja wa kanisa alimshika mama bega akamwambia mwamini halii kama watu wasio na tumaini, aimbe. Mama akaimba. Aliimba wimbo mzima kitabuni, ubeti kwa ubeti, macho makavu, na watu wakamsifu kwa imani yake.

"Tangu siku ile sijamwimbia Mungu," mama akasema. "Ninawaimbia ninyi."

Kesho yake mama alishuka mwaloni akaenda kwa mwenyekiti wa mwalo, mzee wa Ujiji, Mwislamu aliyekuwa akiwahi msikitini kila adhana. Mama alimwomba ruhusa ya watu wale kuja kuimba kwenye mchanga wake Jumapili asubuhi. Mzee aliuliza kama dagaa watakuwa wameanikwa. Mama akamwambia hapana, mbalamwezi imeingia, na hata kama ingekuwa giza asingeanika. Mzee akasema basi mchanga ni wa mwenye kuufagia, ila saa ya adhuhuri wampishe yeye mwenyekiti apumzike. Hapakuwa na mjadala zaidi ya huo. Nimewahi kukaa vikao vingi vya kanisa tangu wakati huo, na bado nakitafuta kimoja kilichokwisha kwa urahisi vile.

Jumapili yenyewe ndiyo ilikuwa ya askofu. Mama alivaa khanga zake za kawaida akateremka. Hakuniambia twende, wala hakuniambia nisiende. Nilivaa sare ya zambarau nikapanda kanisani na baba, nikakaa mstari wa mbele wa kwaya. Kanisa lilijaa. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na upepo ulikuwa ukitoka ziwani. Tulipomaliza wimbo wa kuingilia, katika ule ukimya wa watu kukaa, tukasikia dumu.

Lilikuwa mbali lakini lilisikika. Halafu sauti. Mwalimu wa kwaya akatuashiria tukae sawa. Msoma matangazo akapandisha sauti yake, na dumu likaendelea chini yake, halijali. Niliwatazama wenzangu, jinsi tulivyopangwa kwa urefu, jinsi kola zetu zilivyofanana, nikawaza kwamba kama Mungu yuko mahali anasikiliza, basi asubuhi hii anasikia pande zote mbili, na mimi najua angekaza sikio wapi. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anaamini anajua mambo kama hayo. Mpaka leo nadhani sikukosea.

Nilisimama kabla ya zamu ya kwaya. Nikapita mbele ya wenzangu, nikapita mbele ya kiti cha baba, nikatoka kwa mlango wa pembeni. Sikukimbia. Baba aliniona na hakuinua mkono kunizuia. Nilishuka ule mteremko nikiwa na sare yangu, vumbi likinipanda mpaka magotini.

Mchangani walikuwa wamekaa duara. Wanawake wengine wa mwaloni, Waislamu kwa Wakristo, walikuwa wamesimama kando na mabeseni yao, wakitazama. Yule mama alikuwa akiimba mstari mmoja na wenzake wakimwitikia "Imana ishimwe", maneno ambayo hata kwa Kiha yanaeleweka, kwamba Mungu asifiwe. Ilinichukua muda kutambua anachokiimba. Alikuwa anataja watu. Alitaja mume wake, wakaitikia Mungu asifiwe. Akawataja wanawe mmoja mmoja, wakaitikia vile vile. Akamaliza wa kwake akamgeukia aliyekaa pembeni yake, naye akawataja wa kwake, na hivyo wakaendelea kuzunguka. Mtu aliyezidiwa na kilio asiweze kutamka, wenzake walisubiri, dumu likipigwa polepole, mpaka atamke.

Nilichukizwa kidogo, niseme ukweli. Nilikaa karibu na yule mama, na zamu ilipokuwa upande wa mbali nikamwuliza kwa sauti ya chini inawezekanaje kumtaja mtu aliyeuawa kisha kusema Mungu asifiwe. Je, wanamshukuru Mungu kwa hayo?

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake mwenyewe.

"Simsifu kwa sababu haya ni mema," akasema. "Namsifu kwa sababu haya si yeye. Wale walituambia wao ndio wakubwa, wao ndio wa kusema nani aishi. Mimi nakataa. Mkubwa ninamjua, na si wao. Ndiyo maana ya kusifu, binti yangu. Kama si hiyo, basi ni kelele, wazee wenu wana haki."

Duara likafika kwa mama. Nilidhani ataruka zamu, maana hakuwa mkimbizi. Wote wakasubiri. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake viko mchangani, anauchambua kama anavyotafuta vijiti. Halafu akalitaja jina la kaka yangu. Nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake. Wale watu wasiomjua, ambao walikuwa na maiti zao wengi kiasi kile, wakamwitikia kwa nguvu kama walivyoitikia wa kwao. Mama akalia, kwa sauti, kama yule kikongwe alivyokuwa akilia uani. Na alipokuwa analia akasimama akainua mikono. Hakujua kucheza uchezaji ule. Alicheza kama Muha wa Katonga, vibaya, na hakuna aliyejali.

Wiki ile ile malori yalikuja. Walipandishwa mapema asubuhi na mafurushi yao, wakaondoka kwa barabara ya Mwandiga kuelekea kambini. Hawakuimba. Yule mama alikuwa na mtoto mgongoni na mama mkwe ameegemea bega lake, na dumu la njano lilikuwa limejazwa maji ya safari. Alimshika mama mikono yote miwili, wakaagana kwa maneno ambayo sikuyasikia. Hatukupata habari zake tena. Mama aliuliza kwa kila mtu aliyetoka upande wa kambini, miaka na miaka.

Kisha wazee wakamwita. Walimkalisha kwenye kiti peke yake, wao wakiwa upande wa pili wa meza, baba akiwa miongoni mwao. Mama alinisimulia baadaye, kwa ufupi. Walimwambia asimame Jumapili mbele ya kanisa, aseme amekosa, na mambo yaishe. Aliwauliza atubu nini hasa. Walimtajia utaratibu, askofu na binti yake. Akasema binti yake ana miguu yake. Akasema utaratibu hakuuvunja, hakufanya kitu ndani ya kanisa. Kuhusu askofu akasema angemkaribisha mchangani kama angejua anapenda. Baba hakusema neno upande wowote.

Basi wakamtenga. Hakuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana, wala kukaa kwenye kikundi cha akina mama, wala kusimamia mtoto kwenye ubatizo. Watu walidhani atahamia kanisa jingine, na yalikuwepo mengi ambayo yangempokea kwa mikono miwili. Mama hakuhama. Kila Jumapili alipanda mteremko, akakaa kwenye benchi karibu na mlango. Waumini walipopita mbele kushiriki mkate na divai, yeye alibaki pale akiimba. Hakuimba kwa hasira, ila aliimba kwa sauti yake yote, akimtaja Mungu kwa Kiha, na alipojisikia kulia alilia. Mwalimu wa kwaya alijaribu kumfunika kwa kinanda. Kinanda kilishindwa. Mimi nilikuwa nimetolewa kwenye kwaya, kwa hiyo kila nilipokuwa likizo nilikaa naye, nikamwitikia.

Nyumbani hali ilikuwa ya ajabu. Baba na mama waliishi kwa heshima, walikula pamoja, waliuguzana. Lakini Jumapili walitoka kwa mlango mmoja na kukaa miisho miwili ya jengo. Iliendelea hivyo mpaka nilipomaliza masomo nikaanza kazi. Halafu Jumapili moja ya meza ya Bwana, wazee walipoitwa kwanza kama ilivyo desturi, baba alisimama na wenzake, akageuka, akaja na njia ya katikati mpaka mlangoni, akakaa kwenye benchi la mama. Mama hakuacha kuimba. Alisogea tu kumpa nafasi. Wakiwa njiani kurudi nyumbani alimwambia, "Umechelewa." Baba akajibu, "Najua." Sikuwahi kuwasikia wakilizungumza tena.

Mchungaji mpya alihamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, kijana mwenye bidii, akakuta kuna mama ametengwa na mume wake amejitenga mwenyewe. Alikuja nyumbani kwetu, akanywa chai, akamsihi mama aseme hata neno moja la toba, dogo tu, ili yeye apate njia ya kumrudisha kundini kwa kufuata katiba ya kanisa. Mama alimwonea huruma.

"Mchungaji," akasema, "dhambi zangu ni nyingi na ninazitubu kila siku. Hiyo siyo mojawapo."

Mchungaji akamaliza chai yake. Jumapili iliyofuata, baada ya watu wote kushiriki, alishuka na sahani na kikombe mpaka kwenye benchi la mlangoni, akawapa wote wawili. Mzee mmoja aliguna kwa sauti ili asikike. Mama alipokea, akala, akanywa. Hakusogea mbele siku hiyo wala baadaye, ingawa waliomba sana akae na wenzake. Alisema pale mlangoni kuna upepo.

Baba na mama wote wameshatangulia. Kanisa limejengwa upya, lina ngoma na magitaa na spika kubwa, na vijana wanarukaruka humo ndani mpaka jasho linawatoka, hakuna mzee anayewakataza. Ningepaswa kufurahi, na ninafurahi. Lakini naona wamepata ngoma wakakosa lile jingine. Wanawaambia watu watabasamu. Wanawaambia waache shida zao mlangoni, kana kwamba Mungu ni mwenye nyumba asiyependa viatu vyenye matope. Mimi ninapowafundisha nawaambia shida ndizo za kuingia nazo, uzitaje moja moja mbele yake, halafu useme kwa kinywa chako kwamba hazitakutawala. Wengine wanaandika. Wengine wananitazama kama mama wa zamani.

Hivi karibuni kiongozi mmoja wa nyimbo za sifa alinifuata baada ya somo. Aliniambia wana mjane ambaye kila wakiimba huangua kilio katikati ya wimbo, akaharibu mtiririko na watu wakapoa. Aliniuliza kwa adabu kabisa, huku akiniita mama, ni njia gani nzuri ya kumtoa nje bila kumuumiza.

"Mpeni kipaza sauti," nikamwambia.

Alisubiri nicheke. Nilipochelewa kucheka akaelewa, na hakupendezwa. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye kanisa lao bila kualikwa, nikamwuliza mtu wa mlangoni yule mjane hukaa wapi, nikaketi karibu naye.